Ombi la Kuvunja Tena Jino la Mashini ya Mbao

Kwa Bwana Chisala,
Mwenye kiwanda cha kupasua mbao,
Barabara ya Kashikishi, Nchelenge.

YAHUSU: JINO LILILOTENGENEZWA BILA KUULIZA WANANCHI

Mulamu wangu mpendwa na mheshimiwa,

Hapa nyumbani wote ni wazima isipokuwa boti. Dada yako Eness hajambo, watoto hawajambo, na mimi presha hunipanda pale tu ninapopita mbele ya kiwanda chako. Ndiyo maana siku hizi nazungukia sokoni.

Unanifahamu. Nimeandikia halmashauri juu ya taa za barabarani zinazowaka mchana. Nimemwandikia mchungaji juu ya matangazo yanayozidi mahubiri kwa urefu. Sikufikiri kwamba siku moja kalamu hii ingemgeukia kaka wa mke wangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoitumia kubishania bei ya samaki pale gatini, wewe Mzambia na mimi Mkongo, kabla hatujawa ndugu. Kibemba nakitumia kuomba msamaha, na leo siombi.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, ili hata mtu ambaye hajawahi kuingia kiwandani alielewe kosa lako. Gogo likiletwa hulazwa juu ya gari la chuma linalokwenda na kurudi kwenye reli, mbele ya msumeno. Nyuma ya gogo vimesimama vyuma viwili, kimoja kila upande. Wafanyakazi wako wanaviita magoti. Mtu akivuta mkono wa mashini, magurudumu yenye meno huzunguka, magoti yanalisukuma gogo mbele kwa unene wa ubao mmoja, msumeno unapita, ubao unaanguka. Anavuta tena. Ndivyo mbao zote za Nchelenge zilivyozaliwa.

Sasa, tangu uinunue mashini hiyo, gurudumu la goti moja lilikuwa limepungukiwa jino. Mkono ulipovutwa, goti la kulia lilisogea sawasawa, na la kushoto lilibaki nyuma kidogo, kama mtu aliyeitwa kikaoni akiwa bado na tonge mkononi. Kila ubao ukatoka mnene mwanzo na mwembamba mwisho. Si sana: tofauti ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Hakuna aliyelalamika. Tulijenga.

Kisha ukamleta Guylain.

Guylain ni fundi wa Lubumbashi anayevaa miwani ya jua ndani ya kiwanda na kupiga mluzi msumeno ukiwa umenyamaza. Aliingia chini ya gari lako asubuhi, akatoka mchana, amefunga gurudumu jipya lenye meno yake yote. Tangu siku hiyo mbao zako zimenyooka. Ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Boti yangu. Imejengwa kwa mti mgumu wa mulombwa kutoka kiwanda chako, mbao zote za enzi ya jino lililovunjika. Juzi ubao mmoja, wa pili kutoka chini upande wa kushoto, uligundulika umeoza. Fundi wangu Ben Chalwe akaja kwako kuchukua mwingine. Haukuingia. Akaupiga randa, ukawa mwembamba pale palipotaka unene. Akaleta mwingine, ukakubali mbele, ukaacha nyuma uwazi ambao samaki mkubwa angeweza kuingia bila kukunja mapezi. Wa tatu akaulazimisha kwa nyundo, na ubao wa jirani ukafunguka kwa hasira.

Ziwa limefungwa kwa wavuvi ili samaki wazae, na linafunguliwa tarehe moja mwezi wa tatu. Boti zote za pwani hii zitatoka kuvua siku hiyohiyo, wavuvi wakiimba, na yangu iko juu ya mchanga ubavu wazi, kuku wa jirani wanaingia kutaga. Dada yako amesema mbele ya watu, akiniita kwa jina la binti yetu kama anavyofanya akikasirika: "Bashi Arlène, sikiliza. Siku ziwa linafunguka, kama bwato yako iko ku mchanga, nyavu zote napeleka mu bwato ya Memory. Wewe utabakia kupika." Memory ni jirani yetu, na alikuwa amesimama palepale. Akauliza kama najua kupika.

Nilikuja kiwandani kwa adabu. Nikamwambia Guylain kwamba mbao zake hazifai. Akapima unene wa ubao mwanzo, akapima mwisho, akanionyesha kwamba ni uleule. "Papa Ilunga, angalia. Ubao iko droit. Bwato yako njo iko ya kupinda." Nikamjibu kwamba boti hiyo ilinilisha kabla yeye hajaota ndevu. Akasema, "Basi ilikulisha ya kupinda." Wafanyakazi wakacheka. Wewe, mulamu, ulikuwa umejificha nyuma ya rundo la maganda, lakini mabega yako yalikuwa yanatikisika. Niliyaona.

2. Usalama wa ziwa. Mafundi wetu wote hujenga kwa mtindo mmoja na mbao zote zilikuwa na kasoro moja, kwa hiyo boti zote za Nchelenge zinavuta kushoto. Wageni walituchekea. Mimi niliona hapo utaratibu ambao serikali nyingi zimeshindwa kuuleta. Magari ya Zambia yanashika kushoto, na boti za Zambia zikashika kushoto bila askari hata mmoja. Hata mimi niliyezaliwa ng'ambo ile, nchi ya kushika kulia, niliitii sheria hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa boti haikunipa nafasi ya kuchagua.

Na ilikuwa na manufaa. Nahodha anayekwenda Mununga, nchi kavu ikiwa kuliani kwake, alielekeza pua kwenye migomba ya nchi kavu, akaiacha boti ijisahihishe yenyewe hadi majini. Kurudi hakukuhitaji akili kabisa: boti inavuta kushoto, na nyumbani kuko kushoto. Hata aliyelewa alifika.

Sasa Kasonde amejenga boti mpya kwa mbao zako zilizonyooka. Alikwenda Mununga na magunia ya muhogo, akarudi, tukamwona mkewe bado anafagia uwanja uleule. Mulamu, hiyo si safari, hayo ni majivuno. Wiki iliyopita alitoka gatini kama mkuki wakati Chewe anatoka kwa kupinda, kama tunavyotoka sote, na wakagongana. Kasonde akapiga kelele: "Pisha, wewe!" Chewe akasimama ndani ya boti yake, maji yanamfika magotini, akamjibu: "Nipishe nani? Miye niko mu njia ya batu bote. Wewe njo umepotea!" Nimesoma wanasheria wengi, sijaona hukumu safi kuliko hiyo.

3. Ndoa. Hapa naomba ukae chini.

Mabenchi ya kanisa letu yametengenezwa kwa mbao zako za zamani. Mtu anayekaa upande mnene huteleza polepole kwenda upande mwembamba. Mahubiri yakiwa mafupi hakuna linalotokea. Yakiwa marefu, benchi zima hujikuta limekusanyika mwishoni kama dagaa kwenye wavu, na watu wanasema kanisa letu lina upendo.

Mwaka ule nilipovuka ziwa kwa mara ya kwanza sikumjua mtu hapa. Nilichelewa ibada, nikakaa mwisho wa benchi. Mwanzo wa benchi lilelile alikaa dada mmoja mwenye kitambaa cha kijani, na kati yetu palikuwa patupu. Mchungaji alihubiri juu ya Nehemia na ukuta wake, jiwe kwa jiwe, wala hakuruka jiwe. Kabla hajafika kwenye malango, bega la dada yule lilikuwa limegusa langu. Aliona aibu, akarudi mwanzo wa benchi. Alipofika kwenye lango la samaki, alikuwa tena begani kwangu. Akaninong'oneza, "Benchi njo inanileta, si mimi." Yaliyofuata unayajua, maana wewe ndiye uliyesimama mlangoni umekunja mikono siku washenga wangu walipokuja.

Fikiri basi. Kama jino lile lingekuwepo, Eness angebaki mahali pake, mimi ningebaki pangu, na wewe leo ungekuwa unasoma barua ya mtu usiyemjua. Ungekuwa na haki ya kuitupa. Arlène asingezaliwa. Undugu wetu wote umejengwa juu ya jino ambalo halikuwepo, na Guylain alipoliweka hakutengeneza mashini, alivunja ukoo. Tazama mabenchi mapya ya mbele, yaliyopasuliwa baada yake. Vijana wamekaa pale kila mmoja mahali pake kama chupa ndani ya kreti. Tangu yaletwe, hakuna ndoa iliyotangazwa. Vanessa wa kwaya amenilalamikia mwenyewe kwamba amekaa benchi moja na mwalimu wa shule kwa mwezi mzima, na bado yuko mbali naye kama Puta ilivyo mbali nasi, kule mwisho wa ziwa.

4. Marehemu. Desturi ya hapa umenifundisha wewe: watani wa ukoo ndio wanaombeba maiti, na ndio wanaomtania hadi kaburini. Masanduku ya zamani hayakufunga vizuri, kifuniko kiliacha ufa upande mmoja, na watani waliinama hapo na kusema, "Unasikiliza, eh? Sikiliza vizuri, leo hatukufichi!" Wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Kwenye msiba wa baba yake Thandiwe sanduku lilikuwa la mbao mpya. Kifuniko kikafunga kama mlango wa benki. Watani wakasimama na maneno yao mdomoni, hawajui wayapitishie wapi. Mmoja akabisha hodi.

5. Historia. Wafaransa walimkata kichwa mfalme wao na katika miaka ileile wakatunga kipimo cha meta. Kunyoosha mambo huanza na ubao lakini hakuishii kwenye ubao. Kesho Guylain atavuta kamba kando ya soko na kugundua kwamba vibanda vya kina mama vimetokeza. Keshokutwa atapima hotuba za waheshimiwa, na hapo nitamwunga mkono. Lakini siku ya tatu atapima barua zangu.

Kwa sababu hizo, ninaomba kwa heshima jino livunjwe tena. Si jino lolote: lilelile, la goti la kushoto, na livunjwe hadharani, kwa nyundo, ili wananchi warudishiwe imani. Ikiwa unaona haya kuliharibu gurudumu jipya, la zamani nimeliona limetupwa karibu na uzio, chini ya mpapai, na halijapata kutu ya kutisha. Ben na mimi tunaweza kuja kulifunga wenyewe. Lifanyike mapema, ili apate ubao wake kabla ziwa halijafunguliwa, maana nimeanza kuonyeshwa vyungu vinakokaa.

Ukikataa, sitagombana na mtu wa familia. Nitakuja kwako kila Jumapili baada ya ibada, nitakaa kwenye kiti chako kile chenye mto, nitakula kama mulamu anavyostahili kula, na baada ya chakula nitakusomea barua hii kwa sauti, pamoja na viambatisho. Viambatisho bado sijaviandika. Vitakuwa virefu.

Msalimie mama, mwambie miwani yake nimeipata. Wasalimie watoto wako, na wafanyakazi wote wa msumeno, waliocheka na wasiocheka. Msalimie na Guylain. Asipokuuliza kama nimemsalimia, usimwambie.

Ni mimi mulamu wako, ninayekuheshimu kwa shida,

Ilunga Fabien

N.B. Barua ilikuwa haijafungwa, Ben akaingia. Amezibandua mbao zote za upande wa kushoto, na anasema ule uliooza ndio uliokuwa na nafuu. Boti hii haitaingia majini tena, hata ungepasua ubao uliopinda kama pembe ya mbuzi. Kwa hiyo kabla hujalivunja jino, nakuomba unipasulie kwanza mbao za boti nzima. Ziwe za mulombwa, na ziwe zimenyooka, mwanzo hadi mwisho. Ben atakuja kuzipima moja moja na hatakubali hata unywele wa tofauti. Zikishapakiwa kwenye mkokoteni na kufunikwa turubai, vunja jino siku hiyohiyo, kabla Memory hajaleta gogo lake. Guylain akiuliza ni za nani, mwambie, "Ni za mutu mumoja wa Puta." Na siku ya ufunguzi, ukiona boti mpya inampita Kasonde, tafadhali usiniite kwa jina.