Kidole cha Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu muuguzi amenipima sukari kabla sijatia kitu kinywani. Tisa! Nilikiomba radhi kipimo. Akanionya kwa heshima zote: isiposhuka kufikia Jumamosi, nahamia kwake, chumba kimoja na wanawe pacha wanaojifunza tarumbeta. Nikamshukuru. Kisha nikakishika kiti cha marehemu mke wangu. Nyumba hii siiachi!

Jirani yangu, fundi cherehani mstaafu, mgane kama mimi, akapita akitamba. Yake ni tano na nusu! Siri, asema, ni vidonge vya mdalasini na unga wa uwatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua. Binti alishasema vitu hivyo havishiki nafasi ya dawa za hospitali, wala ya kuacha utamu. Samahani, mwanangu. Uwatu, naomba radhi kwa kutamka hivi, ni mchungu kama shubiri. Nimeuteremsha kwa asali. Vijiko viwili tu. Vya kupakulia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejipima kwa kipimo alichoniachia binti. Kumi na mbili! Dhahiri, dozi haitoshi. Nimeizidisha maradufu. Na asali pia, kwa haki.

Ijumaa, 7 Machi
Mola anisamehe, nimepata hila. Kesho nitajifunika blanketi gubigubi, nijidai nasikia baridi. Fundi atalala mvunguni, atoe kidole chake badala ya changu. Alisitasita, akadai ana kazi. Nikamwuliza kazi gani, mzee mwenzangu, nawe umestaafu? Nikambembeleza kwa adabu hadi akakosa pa kutokea.

Jumamosi, 8 Machi
Kidole kilitoka. Binti akakichoma. Mimi juu nikasema ahsante, mwanangu. Chini kukasikika, "Mama yangu wee!" Binti akainama. "Shikamoo, fundi." "Marahaba," ukajibu mvungu, ukapiga chafya.

Kipimo kikasoma kumi na tisa! Mwongo mkubwa! Kumbe hajapimwa tangu astaafu. Binti hakufoka. Alisema fundi aende hospitali sasa hivi, kisha wazee wote wawili wafungashe virago. Sukari ikishuka, ndipo tutarudi makwetu.

Jumapili, 9 Machi
Tarumbeta tangu alfajiri. Fundi, aliyerudi na dawa za hospitali, yuko kitanda cha juu, mimi cha chini. Kiti cha marehemu, nilichokuja nacho, kimeanikwa soksi za pacha. Tumetafakari makosa yetu kwa unyenyekevu, kama mapadre walivyotufunza, na kosa tumeliona: asali!

Kesho uwatu tutauteremsha kwa maji ya miwa.