Mwizi Mnene wa Mtaa wa Sikukuu

Habari yenyewe ilikuwa ndogo, imebanwa kwenye kona ya gazeti kati ya tangazo la viwanja na matokeo ya mpira. Lakini kwenye benchi la kahawa la Gerezani, Kariakoo, hakuna habari ndogo. Sheikhan, ambaye wote wanamwita Spika kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuongea kabla yeye hajamaliza, alivaa miwani na kuisoma kwa sauti ya hakimu. Vilabu vya jogging vilifunga barabara Buguruni Jumapili asubuhi, magari yakasubiri, wakimbiaji wakapita wanaimba. Juu ya habari kulikuwa na picha: kundi la watu wenye fulana za njano, wamepigwa kwa nyuma, na katikati yao mgongo mmoja mpana uliomeza nusu ya picha.

"Huu mgongo," akasema Spika, akilisogeza gazeti karibu na pua, "huu mgongo mimi naujua."

Gaudens alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Akabaki hewani, ameinama nusu, mkono mmoja kwenye benchi. Na yeye mgongo ule alikuwa anaujua vizuri, maana ndio aliokuja nao.

"Mangi, mbona unakaa kwa awamu?" akauliza Allan.

Allan anauza pedi za breki duka la tatu kutoka pale, ndiyo maana wanamwita Breki, ingawa mdomo wake haujawahi kufungwa pedi hata moja. Gaudens akajibu kwamba amelala vibaya, akajishusha taratibu, mapaja yakilalamika kila hatua ya njia. Yeye ni mtu wa Kibosho, anauza rejeta na shokapu, na benchi zima linamwita Mangi Tani. Jina hilo wengine wanasema limetokana na mizigo yake. Wasiompenda wanasema kweli.

Spika akafungua mjadala rasmi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu mzima hakimbii bila sababu. Labda kuna mvua, labda kuna moto, labda mgambo wameingia. Lakini kuamka usiku wa Mungu, ukavaa kaptula, ukakimbia mpaka Buguruni, halafu ukageuza ukarudi palepale ulipotoka, hiyo ni akili gani? Breki akaongeza kwamba wale watu fulana wanauziwa, yaani wanalipia mateso. Mzee Kitwana, mwenye birika na jiko la mkaa, akasema yeye kinachomshangaza ni supu.

"Wakimaliza kukimbia wanakaa chini wanamaliza sufuria la kongoro," akasema, akisuuza vikombe. "Kitambi wanakitoa mlangoni, wanakirudisha dirishani."

Wote wakacheka, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni Gaudens. Alicheka mpaka machozi, kicheko cha mtu anayezima moto kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwaka jana Leodegar wa vioo vya magari alijiunga na jogging, akaja kutangaza hapahapa kwa furaha. Wakamwita Bwana Raba. Kila akitokea, Gaudens mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama kumpigia makofi, anampa maji, anamuuliza amekuwa wa ngapi. Sasa Leodegar anakunywa kahawa yake ng'ambo ya barabara, na basi la mwendokasi likipita katikati anashukuru Mungu. Gaudens hakutaka kwenda ng'ambo. Nyumbani ana mke mwema na televisheni kubwa, lakini furaha yake ya siku iko pale, kwenye lile benchi lenye mguu mmoja wa tofali.

"Lakini afadhali hao wanakimbia kundi," akasema Badria. "Hapa Kariakoo ukikimbia peke yako unaitiwa mwizi."

Badria anauza vitenge upande wa pili wa kona na ndiye mwanamke pekee anayekaa benchi lile bila kuomba nafasi. Kauli yake ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo iliyoharibu kila kitu, kwa sababu ilimkumbusha Spika hadithi yake ya mwizi.

Hadithi hiyo benchi zima linaijua kwa moyo. Alfajiri moja, Spika ametoka kuswali, amesimama kwenye roshani yake Mtaa wa Sikukuu, akaona jitu limevaa koti la kofia, limebana furushi kwapani, linakimbia. Akapiga yowe. Walinzi wakaamka, wapagazi wakaacha mikokoteni, wauza chai wakaacha moto, wote wakaunga tela. Yule mtu akakata kona, akatokea Barabara ya Uhuru, akapotea.

"Mtu mnene vile hapotei hivihivi," akasema Spika. "Yule ana dawa. Mimi niliona kwa macho yangu, miguu yake haikuwa inagusa lami."

Kila akihadithia, mwizi anaongezeka kilo. Siku ile alikuwa amefika ukubwa wa kabati la nguo. Gaudens akatazama chini kwenye kikombe chake, kwa sababu kabati lenyewe ni yeye.

Ukweli wake ulikuwa hivi. Daktari alimfunga kile kitambaa cha presha, akatazama mashine, akaifungua, akamfunga tena kama mtu asiyeamini. Akamwambia, kimbia, au hata tembea haraka, lakini anza. Mdogo wake Gaudens, Rogath, naye aliwahi kuambiwa vilevile, akacheka, akasema atakimbia wateja wakipungua. Akaanguka dukani, bei ikiwa mdomoni. Gaudens ndiye aliyemsafirisha kwenda kumzika Kibosho, na tangu siku hiyo moyo ukimdunda haraka kidogo anakaa kitandani gizani anausikiliza. Alikuwa anaogopa, na woga wake haukuwa na mtu wa kuusikia, maana kuuleta benchini ni sawa na kumwaga dagaa mbele ya paka.

Basi akaamua kukimbia kwa siri. Akavaa koti la kofia ili wana benchi wasimtambue, akafunga nguo za kuvaa dukani kwenye mfuko, akaubana kwapani, akaanza kukimbia gizani katikati ya Kariakoo. Mtu mwenye akili zake, mfanyabiashara wa miaka yote hiyo, hakuona kasoro yoyote katika mpango huo mpaka aliposikia sauti ya Spika kutoka juu: "Mwizi!" Hapo akakimbia kweli. Alipotokea Barabara ya Uhuru, pumzi imekata, akakuta klabu ya jogging ya Buguruni inapita, kundi zima linaimba. Akavua koti, akajitosa katikati, akaanza kuitikia wimbo asioujua. Ujana wake alikuwa sauti ya nne, ile nzito, kwenye kwaya ya parokia, na ile sauti ilikuwa bado imo. Wanaomfukuza wakapita. Kufika Buguruni wale watu wakampa supu, wakamuuliza jina, wakamwambia mzee, sauti hii usiipeleke klabu nyingine. Jumapili iliyofuata alirudi mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Sasa presha inashuka, usiku analala, na Candida, mke wake, amegundua kwamba mume wake siku hizi anapanda ngazi huku anaongea.

"Mimi nina swali," akasema Badria. Alikuwa amelichukua gazeti na kuligeuza kwenye mwanga. "Mangi, kashata umeacha lini?"

"Jino."

"Jino mwezi mzima?"

"Ni jino la Kibosho," akasema Gaudens. "Linang'ang'ania."

Spika akaingilia, akasema mambo ya kashata yaachwe, si kila asiyekula kashata ni mkimbiaji. Yeye mwenyewe kakatazwa na daktari tangu Ramadhani kwa ajili ya sukari, kaambiwa na mazoezi juu yake, na bado amekaa hapa kwa heshima zake zote. Alisema hivyo haraka, akaangalia pembeni. Gaudens akaona huo ndio upenyo, akaamua kuwashambulia wakimbiaji kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwashambulia. Akasema wale watu hawana kazi. Akasema huo mgongo wa gazetini ni aibu kwa ukoo mzima, mtu ana mgongo wa kubebea magunia anaupeleka kuupunga upepo. Akasema akimjua mwenyewe atamchangia nauli arudi kwao.

Breki alicheka mpaka akasimama. Jana yake alikuwa amekwama na bodaboda palepale Buguruni, akasema, akausikia wimbo wao mwanzo mpaka mwisho, na akaamua kuwaonyesha. Akapandisha suruali mpaka magotini, akaanza kukimbia amesimama palepale, makalio nyuma, kifua mbele, akaachia sauti ya kiongozi wa jogging:

"Kitambi cha nani?"

Na kutoka kwenye benchi, nzito, safi, ya sauti ya nne, ikatoka:

"Cha kwangu!"

Hakuwa amekusudia. Mdomo ulijibu peke yake, kama mkono unavyokuna panapowasha. Breki aliganda na goti juu. Mzee Kitwana akaendelea kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagika kwenye mkaa, moshi ukapanda. Badria akaliinua gazeti, akalinganisha picha na mwenye picha, akalishusha.

"Mangi," akasema Spika polepole. "Simama. Geuka."

Gaudens akasimama, kwa awamu, akageuka. Hakukuwa na haja ya maelezo zaidi, lakini kwa kuwa alikuwa amewapa mgongo na hawaoni uso wake, aliona heri amalize yote. Akawaambia habari za daktari. Akawaambia kwamba anaogopa kufa kama Rogath, na kwamba akikimbia na wale watu haogopi. Halafu akavuta pumzi.

"Na yule mwizi wako, Spika, ni mimi. Sina dawa. Niligusa lami yote."

Breki alifungua mdomo, Badria akamkanyaga mguu. Wote wakamtazama Spika, maana hukumu ni yake. Mzee wa watu alikuwa ameumia. Miezi yote hiyo amekuwa akitembea na jini la Mtaa wa Sikukuu, amelisimulia misibani na harusini, na sasa jini limegeuka kuwa muuza rejeta mwenye kaptula. Akavua miwani, akalikunja gazeti, akalitia mfukoni mwa kanzu.

"Kikao kimeahirishwa," akasema, akaondoka.

Wengine wakatawanyika bila kuaga vizuri. Gaudens alibaki na Kitwana na birika, akatazama ng'ambo ya barabara, akaona nafasi moja wazi pembeni ya Leodegar. Siku zilizobaki za wiki hiyo alinywa chai dukani kwake, peke yake, na haikuwa na ladha.

Jumapili alfajiri alitoka bila koti. Fulana ya njano, kaptula, mgongo wote hadharani. Hakukuwa tena na cha kuficha, na alipita Mtaa wa Sikukuu makusudi, taratibu, akiwapungia walinzi. Alipofika chini ya ile roshani, sauti aliyoizoea ikapasua mtaa, safari hii kutoka mlangoni:

"Mwizi!"

Mwili wake haukusubiri ushauri. Alichomoka. Nyuma yake akasikia vishindo vinamfuata, lakini si vya walinzi, walinzi walikuwa wameshika mbavu wanacheka. Akathubutu kugeuza shingo. Alikuwa Spika mwenyewe, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, chini raba nyeupe mpya zenye karatasi ya bei bado inaning'inia, anahema, anakuja.

Klabu ilikuwa inasubiri Barabara ya Uhuru. Kiongozi wao akamwona mzee anatokea na kanzu kiunoni, akanyoosha mkono kumpokea, akamwamkia shikamoo, akamkaribisha sana kwenye jogging.

Spika akashika magoti mpaka pumzi ikarudi kiasi cha kutosha maneno.

"Marahaba, mwanangu, lakini jogging siitaki," akasema, na kumwonyesha Gaudens kwa kidole. "Mimi namfukuza mwizi huyu. Na nisipomkamata leo, Jumapili ijayo nipo."