Mkandarasi na Mimba ya Miezi Saba

Mhariri Mkuu, cheo alichojipa mwenyewe asubuhi moja akinyoa ndevu, alimwona mkandarasi wa maghala amenuna mbele ya dirisha la duka la vitabu, akajua riziki imefika. Dirishani kulikuwa na kitabu cha shemeji yake mkandarasi.

"Kumbe wewe bado hujaandika?" Mhariri alimuuliza, kwa sauti ya kutoa pole. "Mtu mzito kama wewe?"

"Nitapata wapi muda?"

"Nani kakwambia waandishi wana muda? Wewe leta picha umevaa suti. Mengine niachie mimi."

Shirika lake la uchapishaji lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Kila mwezi lilitoa barua ya habari yenye vitabu vipya vitano, vyote vya kusisimua, vyote baba mmoja mama mmoja. Mhariri alikuwa na mswada mmoja tu, kumbukumbu za karani fulani mstaafu. Mteja akiwa daktari, ofisi ya karani iligeuzwa zahanati. Akiwa mfugaji, mafaili yaligeuzwa ng'ombe. Miaka sita hakuna mwandishi aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufungua kitabu chake mwenyewe. Na hawa ndio wanaopewa viti vya mbele kwenye harusi kwa sababu ni wasomi!

Kazi ya kugeuza ilikuwa ya mpanga kurasa, mwanamke mkimya aliyekuwa na riwaya yake, ya kuandika kweli, jasho la miaka saba. Mhariri aliitangaza chini kabisa ya kila barua kwamba inatoka karibuni, ili asidai nyongeza ya mshahara.

"Bosi, riwaya yangu je?"

"Dada yangu, nani atanunua kitabu cha mtu asiye na suti?"

Mpanga kurasa akarudi mezani kwake. Alimpelekea mkandarasi prufu, zile kurasa za majaribio, aidhinishe kila ukurasa. Mkandarasi aliweka sahihi mia mbili na kumi huku akigombana kwenye simu kuhusu lori lililokwama, akaomba tu picha yake iongezwe ukubwa. Mhariri naye alizipitisha vilevile, maana kusoma kulimuumiza kichwa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Shemeji alikaa mbele, mikono kifuani. Mgeni rasmi akamwomba mwandishi asome kidogo. Mkandarasi akafungua kitabu chake kwa mara ya kwanza, akakohoa, akanguruma:

"Nilikuwa na mimba ya miezi saba siku niliyomfukuza mume wangu."

Mhakiki mmoja, aliyekwisha maliza soda tatu za bure, akapiga makofi. "Ujasiri ulioje! Ameivaa nafsi ya mwanamke!"

"Mimba ya nani?" mke wa mkandarasi akauliza.

Shemeji alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mpanga kurasa akasimama, akaivua nakala yake ile karatasi ya nje yenye picha ya mkandarasi. Chini yake palikuwa na jalada gumu lenye jina la riwaya yake, na jina lake.

"Endelea, mzee," alisema. "Ukurasa unaofuata ni mtamu zaidi. Umeuwekea sahihi."

Mkandarasi akamkaba Mhariri ukosi wa shati. "Sura yangu! Juu ya mimba!" Akawaamuru vibarua wake wazivue nakala zote elfu moja karatasi ya nje. Picha zake alizitaka. Vitabu, alisema, vitupwe nje.

Vikatupwa. Nje mpanga kurasa alikuwa ameegesha mkokoteni. Wageni walimfuata mbio, kila mmoja akitaka kujua huyo mume alifukuzwaje, naye akawauzia huku machozi yakimtoka bila aibu. Watu asiowajua walikuwa wamesimama barabarani, wanamsoma.

Mhariri akajaribu kupenya mlangoni. "Huyo ni mwandishi wetu! Sisi ndio tuliomuibua!"

Mkandarasi akamrudisha ndani, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Akamsukumia daftari na kalamu.

"Shemeji ananicheka huko nje. Sitoki humu bila kitabu cha maisha yangu. Utaandika kwa mkono, na kila ukurasa utanisomea."

"Mzee wangu," Mhariri akasema, "mimi sijawahi kuandika kitu tangu nizaliwe."

"Basi utaanza leo." Mkandarasi akavuta kiti, akavua viatu, akajinyoosha. "Sura ya kwanza: saruji."