Lozi ya Krismasi na Goti la Baba

Jumatatu, 16 Desemba

Leo nimekabidhiwa jiko. Mama anafanya kazi nyumba ya wazee hapa Svendborg, mji wetu wa bandari, na kila Desemba wenzake wanaugua kwa zamu, yeye anazibeba zamu zao. Akasema hana tena miguu ya kusimama kwenye sufuria. Akauliza nani atawalisha watu chakula cha maana mpaka Krismasi ipite. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Dada yangu Tilde, ana miaka kumi na mitatu na anajifanya profesa, akauliza kama mboga nazijua kwa majina au kwa sura tu. Mimi nilisomea upishi miezi mitatu mizima kabla chuo na mimi hatujaachana. Wao walishindwa kunivumilia asubuhi, mimi nikashindwa kuwavumilia mchana.

Jambo lenyewe ni goti la Baba. Limekwisha. Daktari atamwekea jipya Januari, ila Ijumaa ya tarehe 27 mizani ya kliniki lazima isome chini ya kilo mia na kumi. Ikizidi, foleni inaanza upya mpaka vuli. Krismasi iliyopita tulishikana mikono tukauzunguka mti tukiimba, Baba akabaki kitini anapiga makofi kama mgeni. Sikupenda kuona vile. Basi nitamkondesha. Mwenye kipaji hachagui kazi.

Jumatano, 18 Desemba

Nimepika kababu. Baba anazipenda za nguruwe. Zangu zilikuwa za dengu na karoti. Sikusema. Siri ya jikoni ni ya mpishi. Baba akatafuna, halafu akauliza huyu nguruwe alikufa kwa ugonjwa gani. Tilde akasema wengine hula nguruwe aliyekula majani, sisi leo tumekula majani yenyewe. Mama alikuwa anatafuna macho yamefumba kwa uchovu. Akasema ni tamu, na wanyamaze. Basi kura ni hizi: Mama ndiyo, Baba ana shaka kidogo, ya Tilde imeharibika. Nimeshinda.

Ijumaa, 20 Desemba

Hatari ya Desemba kwetu si barafu barabarani. Ni chakula cha mchana cha Krismasi kazini. Baba anatengeneza boti kwenye karakana ya bandarini, na wale wazee wakikaa mezani mchana hawainuki mpaka giza liingie. Samaki wa siki, maini ya kusaga yanayong'aa mafuta, mgongo wa nguruwe, na pombe kali katikati ya kila kimoja ili kufagia njia. Nikamfungia Baba kopo la karoti na kabichi. Nikamwelekeza ale lile kwanza, vishawishi vikija vikute mlango umefungwa.

Amerudi amefurahi. Kopo nalo limerudi, limejaa maini. Akasema karoti zangu zimesifiwa sana, maana mwenzake Bent anafuga sungura. Maini ni shukrani za Bent. Kwa vyovyote mboga zimeisha, na hakuna mpishi anayelalamika kopo likimalizwa. Maini nimeyala mimi, kumwepusha Baba. Ndiyo kazi ya kiongozi.

Jumapili, 22 Desemba

Bibi Gudrun, mama yake Baba, ameshuka kwenye treni na begi moja la nguo na moja la siagi. Nilikuwa nimeshaficha sukari yote ndani ya mashine ya kufulia. Bibi akaipata kabla kahawa yake haijapoa. Akasema, mjukuu wangu, nimelea wavulana watatu, hakuna shimo unalolijua wewe ambalo baba yako hakulichimba kwanza.

Tumegawana jiko. Yeye bata na viazi vya kukaangwa kwa sukari, mimi kitindamlo. Amekuja pia na zawadi ya yule atakayekuta lozi nzima ndani ya kitindamlo: nguruwe wa lozi za kusaga na sukari, amemfinyanga mwenyewe. Mnene, nusu kilo, ana tabasamu. Mwaka huu ni wangu. Tilde amejishindia miaka mitatu mfululizo na kila mara anakula mkia polepole mbele yangu.

Baba amepanda mizani ya bafuni. Mia na tisa. Bibi akasema anafanana na mtu aliyetoka jela. Mimi nikamwita Tilde aje aione sayansi.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimepika wali wa maziwa, nimeupoza, nimechanganya krimu na lozi zilizokatwakatwa. Nusu ya krimu nimeitoa nikaweka mtindi. Halafu lozi moja nzima. Mtoto yeyote wa hapa anajua: anayeipata anaificha shavuni na kukaa kimya, wengine waendelee kuchimba mpaka bakuli liwe jeupe. Desturi nzuri kwa wauza suruali pana. Si kwa goti.

Mimi nina akili zaidi. Lozi nimeizamisha pale bakuli lilipobanduka rangi. Mpakuaji ni mimi. Nitajipakulia pale, nitaitoa kijiko cha kwanza, nitaitangaza palepale. Mchezo kwisha, vijiko chini, Baba salama, nguruwe wangu. Tilde akaniuliza mbona nacheka na bakuli.

Jumanne, 24 Desemba

Bata alikuwa mzuri. Baba alikula kama malaika. Viazi vya sukari alivisogeza mwenyewe upande wa Bibi.

Kikaja kitindamlo. Lozi nikaipata kijiko cha kwanza, kama nilivyopanga. Nikafungua mdomo nitangaze. Nikamwona Tilde amemvuta nguruwe karibu na sahani yake, anamwambia kwamba kesho wataanza na mkia. Nikafunga mdomo. Nikajiambia dakika moja tu, aumie kidogo.

Baba akaongeza. Bibi akamhimiza, akasema asiyetafuta hapati. Baba si mtu wa kushindwa. Akaongeza tena, na sosi ya cheri ya moto juu. Tilde akaweka kijiko chini, kama aliyekata tamaa. Hapo ndipo ningesema. Lakini sasa ningeelezaje nilikuwa nayo tangu lini? Nikamwambia Baba imetosha. Kwa sababu ya lozi shavuni sauti ilitoka kama ya mtu mwenye jipu. Akadhani ni uchoyo, akajivutia bakuli lote, akalikwangua.

Nikaitoa. Bibi alicheka mpaka akashika meno. Baba hakucheka. Aliuliza tu nimekuwa nayo muda gani. Nikasema kidogo. Tilde akasema tangu kijiko cha kwanza, shavu lilimvimba kama panya. Mama akamuuliza mbona hakusema. Akajibu desturi ni desturi.

Tukauzunguka mti. Baba alipiga makofi kitini. Nguruwe alikaa mezani akitabasamu. Sikumla.

Alhamisi, 26 Desemba

Supu ya kabichi jana, supu ya kabichi leo. Baba anakunywa bila neno. Ningependa atukane kidogo. Mizani ya bafuni hataki kuikaribia. Bibi ameniangalia juu mpaka chini, akaendelea kufuma.

Tilde anamzungukia nguruwe wangu. Nimemfunga kitambaa nikamficha kwenye mfuko wa sweta kuukuu linaloning'inia nyuma ya mlango. Hakuna anayelivaa.

Ijumaa, 27 Desemba

Asubuhi upepo wa baharini ulikata masikio. Baba akavaa sweta kuukuu chini ya koti. Mimi sikuangalia, nilikuwa nachana nywele. Nikamsindikiza kliniki.

Muuguzi akamvua koti na viatu. Mizani ikasoma mia na kumi na nukta tatu. Baba akaisoma mara mbili. Akashuka taratibu, mguu mzima kwanza, akashika ukuta. Mimi nikatazama sakafu.

Muuguzi akauliza kama mfukoni ana chochote, funguo labda. Baba akaingiza mkono akatoa nguruwe. Akamtazama. Nguruwe akatabasamu. Kisha Baba akanitazama mimi. Akamweka mezani, akapanda tena.

Mia na tisa na nukta nane. Muuguzi akaandika tarehe ya Januari.

Baba alikaa akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, mwanangu, siku moja utaniua, ila si leo. Akasema Krismasi ijayo tutazunguka mti pamoja, na mkono wangu ataushika kwa nguvu ili usiingie kwenye bakuli lolote.

Ndani ya basi nikafikiri vizuri. Kama nguruwe asingekuwa mfukoni, kungekuwa na nini cha kutoa? Hakuna. Tungerudi tunalia. Kwa hiyo aliyeliokoa goti ni mimi. Nimemweleza Mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa Tilde jiko.

Tilde hajui kazi. Bibi ameoka mnara wa keki za lozi za Mwaka Mpya, na Tilde ameuacha wazi mezani, Baba anapita pale kila saa. Nimeuondoa. Nimeuweka mahali ambapo Baba hataufikia kabisa: chini ya pajama, kwenye begi lake la hospitali. Hatalifungua mpaka Januari.