Kaptula ya Baba Morenike

Jumatatu, 14 Aprili

Sare imefika kutoka kwa fundi. Shati jeupe, kaptula ya buluu. Nimepaka nywele piko, nimevuta tumbo ndani, nimesimama mbele ya kioo. Kijana wa miaka kumi na saba kabisa. Abosede, mke wangu, amekubali, ila taa iwe imezimwa.

Filamu inaitwa Penzi la Dawati la Nyuma. Nimeitunga mimi, naiongoza mimi, na kijana anayependwa ni mimi, Gbolahan Sodeinde, miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka yote niliyoigiza nimekuwa mlinzi. Mlinzi wa mfalme, mlinzi wa benki, mlinzi wa tajiri anayekufa mwanzoni. Nafungua geti, watu wanapita, hadithi inaendelea bila mimi. Mama yangu amezitazama filamu zote, na kila mara swali lake ni moja: "Mwanangu, wewe huwa huingii ndani?" Jicho lake moja sasa limeacha kazi. Nataka anione nimeingia kabla la pili halijafuata. Sitaki kitu kingine.

Binti yangu Morenike, miaka kumi na sita, amesoma mswada huku anakula, akaniuliza maswali kama polisi. Kwa nini shule nzima haina mwalimu? Msichana akivua miwani anakuwa mrembo, sawa, lakini njia anaionaje? Mvulana anapata wapi maua hapa Abeokuta, makaburini? Na pale mwisho, anapokimbia kwa miguu hadi uwanja wa ndege kumzuia msichana asisafiri, anakimbia barabara yote ya Lagos? Nikamjibu kwamba mapenzi yana nguvu. Akasema hata basi lina nguvu, lakini hupumzika njiani.

Nimebadilisha uwanja wa ndege kuwa stendi ya mabasi. Hayo mengine nimeyaacha. Yeye ni mtoto wa shule, mambo ya watoto wa shule atayajulia wapi.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya kwanza. Shule imefungwa, tumeazimwa darasa, na wanafunzi wa kweli wamekuja kuigiza wanafunzi. Nikaingia kwa mwendo wa kijana, mkoba begani. Darasa zima likasimama na kuniamkia kwa sauti ya kuimba, kama ameingia mkaguzi wa elimu.

Nikawaeleza kwamba mimi ni mwenzao. Wakaitikia, "Ndiyo, baba." Tukarudia. Walisimama tena, safari hii polepole, kwa aibu.

Msichana wangu ni Fehintola, miaka kumi na tisa, kutoka kikundi cha maigizo cha Ibadan. Anaigiza vizuri sana mpaka anione. Akiniona, magoti chini, kama binti wa kwetu anavyomwamkia mtu mzima. Leo alitakiwa anikaripie mbele ya darasa na kunipiga begani kwa kitabu. Alipiga magoti, akaniomba radhi, akainuka, akanigusa na kitabu kama anayenifuta vumbi, akapiga magoti tena. Wasiu, mpiga picha, ambaye tumekua pamoja, alisema hiyo siyo hasira, hiyo ni ibada.

Halafu kuna Dotun, mpinzani wangu katika filamu. Ana miaka ishirini na miwili na kidevu ambacho sikukipenda tangu mwanzo. Alitakiwa anitishe. Akanikazia macho vizuri, akasema, "Kaa mbali na msichana wangu, baba." Nimeagiza apewe shati kubwa kuliko mwili wake. Amelivaa. Amependeza zaidi.

Jioni nilikwama kwenye dawati la nyuma. Magoti yaliingia, yakakataa kutoka. Wavulana wanne walinichomoa huku kila mmoja akinipa pole.

Jumatano, 16 Aprili

Mbinu mpya. Fehintola aigize ameketi, na meza mbele yake. Aliyeketi hapigi magoti. Nikaingia. Akateleza kutoka kwenye kiti, akapotelea chini ya meza, salamu ikatokea huko.

Nikamwita pembeni, nikamuuliza tatizo ni nini hasa. Akanieleza kwa heshima zote kwamba amejaribu, amefanya mazoezi mbele ya kioo, lakini miguu inakunjika yenyewe. Mama yake alimfundisha kabla hajajua kuhesabu. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Morenike nimemlea hivyo hivyo. Siku akimwamkia mtu mzima amesimama wima, nyumba itawaka moto.

Nimekaa nikiwaza. Katika filamu ninazozipenda, za ng'ambo, watoto hawana wazazi wala mashangazi. Hakuna anayetumwa dukani. Hakuna mkubwa na mdogo, kuna wazuri na wabaya tu. Labda ndiyo maana mapenzi yao huisha vizuri. Wazo zuri, lakini halinisaidii kesho.

Jumamosi iliyopita nilimwahidi Mama kwamba wiki hii ataona kazi yangu. Ameshaniuliza mara mbili leo kama bado naigiza getini.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimelipata jibu nikioga. Nitapiga magoti mimi kwanza! Mvulana anamtamkia msichana mapenzi kwa magoti, ndivyo filamu zinavyofanya. Nikishafika chini mimi, yeye ataenda wapi tena?

Alienda chini zaidi. Nilipogusa sakafu kwa goti moja, Fehintola alilala kifudifudi. Nikainama nimwinue, nikaanguka. Wasiu akapaza sauti kwamba kwenye kamera hakuna mtu, kuna ubao tu.

Wanafunzi wakanivamia kunisimamisha. Mama muuza maharage, ambaye mwanawe ni mmoja wao, akaja mbio na mwiko mkononi. "We Baba Morenike, una akili kweli? Mtu mzima unampigia magoti mtoto wa watu, unataka kumtupia mikosi? Na hilo kaptula nalo, nani kakuruhusu?" Nikamwambia hii ni sanaa. Akaniambia sanaa nikafanyie kwa mama yangu.

Dotun alilala chali kwa kucheka. Hata akicheka kidevu kinakaa vizuri.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Stendi imefurika watu wanaokwenda kwao kwa Pasaka. Imebaki picha ya mwisho. Dereva mmoja amekubali kutusubiri kidogo, abiria wake wa kweli ndani, Fehintola dirishani. Kazi yangu ni kukimbia kutoka nje, nipite getini, nilifikie basi na kusema, "Usiende, moyo wangu uko mkobani mwako."

Nikakimbia. Getini mlinzi akanizuia. Mlinzi! Akaniuliza mzee mzima anakwenda wapi na kaptula ya mtoto. Nikamtazama usoni, nikajiona mimi mwenyewe na rungu langu la mbao, miaka yote ile. Nikampita chini ya mkono.

Nilipofika kwenye basi pumzi haikuwepo, maneno hayakuwepo. Fehintola akashuka, mkoba begani. Akapiga magoti palepale kwenye lami. "Baba, pole. Vuta pumzi kwanza."

Mwakani Morenike ataanza chuo. Atapandia basi stendi hii hii. Sijui kwa nini nilikumbuka hilo pale. Mkono wangu ukaenda wenyewe kichwani kwa yule binti, na maneno yaliyotoka sikuyaandika mimi. Nilimwambia aende salama, afike salama, asiwasahau wa nyumbani, na akichoka arudi, mlango hautafungwa. Basi zima likaitikia amina, dereva naye. Fehintola alilia machozi ya kweli. Mimi pia, lakini nilikuwa na jasho, haikuonekana.

Morenike akaniletea maji. Akasema hapo tu ndipo ameamini. Nikamwambia pameharibika, tunarudia. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempeleka Mama kwa Wasiu. Tumemkalisha karibu kabisa na kompyuta, jicho lake zima likiwa upande wa picha.

Picha za darasani zilipopita, aliuliza yule mzee anayewasumbua watoto wa shule ni nani, na kwa nini mwalimu hamfukuzi. Wasiu alikuwa anatazama dari.

Ikafika stendi. Mlinzi akanyoosha mkono, nikapita chini yake. Mama akanishika kifundo cha mkono. Hakukiachia mpaka amina ya mwisho. Akaomba arudishiwe. Tukarudisha. Akatazama tena, uso karibu unagusa kioo.

"Gbolahan," akasema, "leo umeingia."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jumatatu, 21 Aprili

Wasiu na Morenike wamenijia pamoja. Wanasema darasa lote litupwe. Filamu iwe ya baba anayemkimbilia binti yake stendi. Mlinzi yupo, basi lipo, amina ipo. Kaptula watajua wao watakavyoieleza. Wamenisihi karibu saa nzima. Morenike alinishika mkono kama bibi yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Nimeona kosa lao. Mama hakuguswa na ubaba, baba wapo kila nyumba. Mama aliguswa na kaptula. Alimwona mwanawe kijana tena, akikimbia. Ujana ndio ulionipitisha getini.

Kwa hiyo nimeanza mswada mpya, Penzi la Mwaka wa Kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, miaka kumi na tisa. Tatizo la magoti nimelimaliza kabisa: wapenzi hawatakutana hata mara moja, watapendana kwa simu. Dotun atakuwa mlinzi wa bweni.

Nimempigia Fehintola nimpe habari njema. Amefurahi sana. Nikamwomba asome mstari mmoja wa mapenzi, akasoma vizuri, ila sauti ilitoka chini chini, kama ya mtu aliye shimoni. Nikamuuliza yuko wapi.

Akasema yuko nyumbani tu, baba. Amepiga magoti.

Kesho naenda kwa fundi. Suruali ya chuo ibane zaidi.