Baraka Hazikai Ghorofani

Kama si ndevu zake kuota upande mmoja tu, Dira asingekwenda kwa kinyozi asubuhi ile, nasi tusingekuwa na la kusimulia. Alikuwa ameegemea kiti, povu hadi masikioni, aliposikia mwenye nyumba mmoja akilalamika kwenye kiti cha pili.

"Rafiki yangu anakaa kati ya msikiti na kanisa," alisema mwenye nyumba. "Maombi kulia, maombi kushoto. Kila anachogusa kinamnyookea. Mimi je? Kulia kituo cha mafuta, kushoto baa. Nani ataniombea pale?"

"Si uombe mwenyewe?" aliuliza kinyozi.

"Muda huo ninao?"

Dira alifungua jicho moja. Aliitwa Dira kwa sababu hakuwahi kupotea njia ya kwenda penye cha bure. Wiki ya tatu sasa alikuwa akilala sakafuni, nyuma ya pazia la studio ya binamu yake mpiga picha, na mgongo wake ulikwisha kukata tamaa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kitanda. Na huyu bwana, mkono wa birika asiye na mke wala mgeni, alikuwa na vyumba vitatu peke yake, ghorofa ya tatu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Pale kwa kinyozi zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Dira akaokota za kumtosha.

Saa nne alikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba na stendi ya kamera ya binamu yake. Juu ya stendi alikuwa amefunga taa ya baiskeli.

"Chombo hiki kina thamani kuliko gari lako, mzee," alisema. "Kinapima njia za maombi. Maombi husafiri kwa mstari ulionyooka. Sasa vuta uzi kutoka msikiti mkuu mpaka kanisa kuu. Unapita wapi?"

Mwenye nyumba alimeza mate. "Wapi?"

"Hapa hapa kwako."

"Mbona sioni faida yake?"

"Utaionaje na unakaa huku juu? Baraka ni kama maji, hazikai ghorofani. Zinaingia dirishani, zinateremka, zinatua chini kabisa. Chini anakaa nani?"

Mwenye nyumba alishika kichwa. Chini alikaa Mama Cherehani, fundi wa nguo, mwaka wa sita katika chumba kimoja: huku kitanda, huku cherehani. Juzi tu mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ahame ifikapo Ijumaa, chumba kigeuzwe duka la simu. Mama wa watu hakuwa na pa kwenda.

"Ndiyo maana wateja hawamkauki!" alifoka mwenye nyumba. "Anakula baraka zangu! Nahamia mimi kule, leo leo!"

"Taratibu, mzee," alisema Dira, kwa huzuni ya kitaalamu. "Huku juu pasibaki patupu, baraka zitapitiliza. Wala asikae mwenye mali, zinamkimbia. Anatakiwa mlinzi fukara, bila kodi, kwa mkataba wa miaka kumi. Baraka hazipendi kuhamahama."

"Fukara mwaminifu nitamtoa wapi?"

Dira alitazama vidole vya miguu yake. "Ni kazi ngumu hiyo. Lakini mtu akiombwa sana..."

Mkataba ukaandikwa palepale, ukatiwa sahihi. Nafasi ya jina ikaachwa wazi, kwa kuwa Dira alisema jina haliandikwi kabla mstari haujachorwa. Hakukuwa na haja ya mbwembwe hiyo, ila mwongo naye ana ufundi wake, na ufundi humponza mtu.

Walishuka. Dira akachora mstari wa chaki kutoka mlangoni, ukapita chini ya cherehani hadi ukutani. Mwenye nyumba akaeleza kila kitu kwa fahari, hadi bei ya chombo. Mama Cherehani alisikiliza, pini mdomoni, macho kwenye begi la stendi lililoning'inia begani kwa mtaalamu.

Alitoa pini. "Kwa hiyo fukara mwenyewe ni huyu? Mwenye chombo kinachozidi gari lako?"

Mwenye nyumba aligeuka polepole. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Si changu," alisema Dira haraka. "Nimeazima."

Mama Cherehani aliinama kama anayeokota uzi, akanong'ona, "Mwanangu, begi hilo nililishona mimi. Nimwite mpiga picha?"

Dira alijikohoza. "Nilikuwa naona haya tu, mzee. Ni changu. Mimi ni tajiri."

"Na mimi Ijumaa sina chumba wala kazi," alisema Mama Cherehani. "Kuna fukara wa kunizidi?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jina likaandikwa. Kisha Dira, kwa kuwa mikono mingine haikuwepo, akashusha kitanda cha mwenye nyumba ghorofa tatu, kitanda kipana, godoro laini, na akapandisha cherehani na kitanda cha Mama Cherehani. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Juu, Mama Cherehani alisimama dirishani, futi shingoni. "Tangu juzi sijapata usingizi," alisema. Akajifuta macho. "Haya, stendi irudishe kwa mwenyewe."

Alipofika chini, Dira alimkuta mwenye nyumba amelala juu ya kitanda chake, kitanda juu ya chaki, macho amefumba. Juu kabisa cherehani ilianza kulia, trrr, trrr.

"Mtaalamu! Unazisikia? Zinashuka!"

"Zinashuka, mzee."

Dira alisimama mlangoni. Uongo ule aliutunga mwenyewe, povu masikioni, alijua hata ulikoanzia. Lakini mwanamke aliyekaa juu ya mstari ule miaka sita alikuwa ameondoka na vyumba vitatu, bila kodi, miaka kumi. Alitazama kulia, kituo cha mafuta. Kushoto, baa. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Akaegemeza stendi ukutani, akavua viatu.

"Mzee," akasema, "hebu sogea kidogo."