Mbao Mia Mbili na Kumi na Nne

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu Tenri kaenda kwa dada yake. Kaniachia agizo: akirudi Jumamosi aikute nyumba yetu ya mbao imehamishiwa kwenye kiwanja chetu cha barabarani. Asipoikuta, anarudi huko jumla.
Rahisi! Ijumaa baada ya swala wanaume wa kijiji wataibeba mabegani nzima nzima, kama kawaida. Tatizo ni jirani yangu La Sennang. Yeye hupanda kwenye ngazi ya nyumba inayobebwa, akawahesabia wabebaji hatua kwa kelele, kisha hujisifu mwaka mzima. Yangu hataihesabia!

Jumatano, 5 Juni
Nimefungua kamusi ya Kiingereza ya binti yetu Becce. Wana kitenzi kitamu! Si kuvunja, si kubomoa. Ni kukiachanisha kitu kipande kwa kipande, kwa mpango. Mfano wa matumizi: fundi na saa. Mfano wangu: mimi na nyumba.
Kufikia alasiri, mimi na shemeji zangu wawili tumeng'oa kabari zote. Paa chini. Kila ubao na namba yake ya chaki. Mia mbili na kumi na nne! La Sennang kapita, kauliza mchwa gani hawa wenye haraka. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua. Namba zote zimekwenda na maji.
Sikutetereka. Nimeunganisha kwa kumbukumbu. Kimesimama kitu kizuri sana, chenye dirisha sakafuni. Kikaanguka. Shemeji wakakumbuka wana shughuli kwao.

Ijumaa, 7 Juni
Wamekuja wanaume arobaini. La Sennang kauliza, "Tubebe nini, ndugu yangu, hewa?" Nikawaambia, kwa heshima zote, wabebe mbao mpaka barabarani. Wamebeba. Yeye kapanda juu ya rundo, akahesabu hivyo hivyo! Na supu niliyowapikia wameimaliza.

Jumamosi, 8 Juni
Tenri kashuka garini. Akatazama rundo. Akatazama begi lake. Kusema kweli niliogopa. Akigeuka, sina nyumba wala mke.
Akaweka begi chini, akaokota ubao. "Huu wa jikoni. Uliuunguza kwa lile jiko lako la mafuta ya nazi." Akaokota mwingine. "Huu wa chini ya dirisha, ulipofuga nyuki ndani. Na tundu hili, Baba Becce, si la bomba lako la kutega mvua? Ukutani, karibu na kitanda. Nililowa mimi!"
Kila ubao anaujua! Yeye anaonyesha, La Sennang na wenzake wanapandisha. Jioni nyumba imesimama, dirisha mahali pake. Tenri kachemsha kahawa, kacheka mpaka machozi. Begi kalitundika msumarini.
Ushindi! Miaka ishirini na sita nimekuwa nikitia alama zisizofutwa na mvua, na hakuna aliyenishukuru.
La Sennang naye anahama mwezi ujao. Nimeikagua nyumba yake: safi, haina hata doa. Maskini, ataiunganishaje? Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nakwenda na patasi na lile jiko la mafuta ya nazi.